Fisi kwa Kilo Mbili

Kilichomsimamisha Zéphyrin barabarani siku ile hakikuwa askari wala mdai, ingawa wote wawili walikuwa wakimtafuta. Ilikuwa sauti ya sukari ikimiminwa kwenye debe.

Wewe unayetia vijiko vitatu kwenye chai huku unaongea mambo mengine, utaniambia sukari haina sauti. Haya. Ungekuwa Kampala mwaka ule, wa tatu tangu Wahindi wafukuzwe na maduka yao yagawiwe watu wasiojua hata bei ya kibiriti, masikio yako yangeshika adabu. Sukari ilikuwa haionekani. Sabuni, mtu akiipata, alioga amefunga mlango na dirisha, jirani asije akanusa. Na hapa, nyuma tu ya soko la Kikuubo, mchana kweupe, watu walipanga foleni mbele ya duka la zamani la vitambaa, na kila aliyefika mlangoni alitoa kikombe, akamimina sukari kwenye debe, akaingia ndani. Chwaaa! Anayefuata. Chwaaa!

"Mungu wangu," Zéphyrin alisema kwa upole, akavua kofia kama aliyeingia kanisani.

Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia aliyoiweka chini ya godoro akailalia ili inyooke. Alivuka mpaka wa nchi serikali ya kwao ilipoamuru kila mtu aache jina la ubatizo na kuchukua la mababu, naye alipenda kujitambulisha kama mkimbizi wa jina. Ukweli ni kwamba jina lile polisi wa Bukavu walikuwa wanalijua mno. Kampala hawakulijua bado, kwa hiyo alifanya kazi kwa raha. Aliwahi kumuuzia bwana mmoja wa Nakawa nguzo tatu za simu, zikiwa zimesimama na nyaya zake.

"Dada," alimuuliza mama mmoja wa foleni, "hapa wanagawa nini?"

"Hadithi."

"Hadithi? Na sukari je?"

"Sukari ndiyo kiingilio. Ulitaka tulipe pesa? Pesa siku hizi ni za kufungia karanga."

Zéphyrin hakuwa na sukari, lakini alikuwa na mkoba wa ngozi. Miaka ile mwenye mkoba haulizwi. Aliuinua kidogo, akamtazama mtu wa mlangoni kwa huzuni, akapita.

Ndani kulikuwa na giza, na giza lenyewe lilikuwa la makusudi. Wazee walishasema anayesimulia hadithi mchana ataota mkia. Lakini jioni kulikuwa na askari wa doria, na kukutana nao kulikuwa kubaya kuliko mkia. Basi madirisha yote yalizibwa kwa kitambaa cheusi ili kulidanganya jua. Watu walikaa kwenye rafu za vitambaa, safu tatu juu hadi karibu na dari, miguu ikining'inia. Katikati kulikuwa na jiko la mkaa, na kando ya jiko, juu ya kigoda, mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti iliyoweza kukuonyesha mvua ukatafuta mwavuli. Huyo alikuwa Mama Alanyo.

Mwenye jumba alikuwa Faruk, sajini mstaafu aliyepewa duka lile na serikali. Alimaliza kuuza vitambaa vyote kwa wiki tatu, akashangaa kuona vimekwisha. Yalibaki majora manne ya kitambaa cheusi cha msiba, ambacho mwaka ule kila mtu aliogopa kukinunua mapema asionekane anajua kitu. Faruk alikuwa amekaa na rafu tupu anatazama nzi, hadi Mama Alanyo alipomwambia, "Mwanangu, wewe una nyumba, mimi nina mdomo." Alikuwa mjane wa polisi Ochan, rafiki wa Faruk wa zamani. Ochan alitiwa kwenye buti la gari siku moja ili akajibu swali dogo tu, na mpaka leo hajamaliza kulijibu.

Jumba lilikuwa na sheria moja, na Mama Alanyo alidai ameirithi kwa bibi yake. Hadithi haisemwi bila mwitikiaji. Mtu mmoja anachaguliwa, anakaa kiti cha mbele, na kila msimulizi akipumua yeye anajibu, "Nilikuwepo, nikaona!" Akinyamaza, hadithi imekufa, na aliyeiua atawachotea watu maji mwezi mzima. Tena mwitikiaji ndiye anayeifunga. Neno la mwisho ni lake.

Zéphyrin aliyasikia yote hayo, lakini macho yake yalikuwa kwenye debe.

Kesho yake alirudi na mkoba, miwani isiyo na vioo vya maana, na karatasi yenye mhuri. Alimkuta Faruk peke yake.

"Sajini," alisema, "mimi natoka Ofisi ya Ukaguzi wa Hadithi na Vitendawili."

Faruk akasimama wima. Hakuwahi kuisikia ofisi hiyo, lakini zilikuwepo ofisi nyingi ambazo mtu alizisikia siku ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. "Ndiyo, Afande! Hii ofisi iko wapi?"

Zéphyrin akamtazama. Akatazama mlango. Akamtazama tena.

"Basi, basi, sijauliza," Faruk alisema haraka.

"Nyumba hii inasema wanyama, Sajini. Nani amewaruhusu wanyama?"

"Afande, ni wanyama ya kawaida tu. Sungura. Fisi kidogo."

"Fisi!" Zéphyrin aliketi chini taratibu, kama aliyepewa habari ya msiba. "Fisi mwenye tumbo kubwa?"

"Iko na tumbo, Afande, lakini..."

"Anayekula vya wenzake?"

Faruk alianza kutoka jasho. Zéphyrin, kwa huruma nyingi, akafungua mkoba akasoma viwango. Sungura kwa hadithi moja, kilo moja ya sukari. Kobe nusu kilo, kwa sababu ni mtu mzima na hana haraka. Fisi kilo mbili, maana fisi anaweza kufanana na mtu. Simba haruhusiwi kabisa, isipokuwa awe ameshinda.

"Na hadithi ikishapigwa mhuri," alimalizia, "haibadilishwi hata neno. Anayebadilisha, mimi simjui tena."

Mpaka hapo Faruk alikuwa ameogopa tu, na mtu aliyeogopa hutoa kidogo. Zéphyrin alijua, ukitaka mtu atoe vyote, mtamanishe. Akashusha sauti. Akasema jumba likishakaguliwa na kulipa viwango vyake vyote vya nyuma, linaandikwa kwenye orodha, na majumba ya orodha yanaletewa magunia mawili ya sukari kila mwezi na lori la serikali, mpaka mlangoni.

"Mawili?" aliuliza Faruk.

"Kila mwezi."

Maskini Faruk! Alitoa debe lake. Halafu, kwa kuwa tamaa haina breki, akaingia stoo akavuta na gunia lililokuwa pembeni, ambalo halikuwa lake. Lilikuwa la Mama Alanyo. Alilikusanya kikombe kwa kikombe, Jumamosi kwa Jumamosi, mwaka mzima, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake yatima, Anena, iliyokuwa Jumapili ijayo. Watu mia wangekuja, na chai isiyo na sukari harusini, mjue, watu huihesabu kama chai ya msibani.

Zéphyrin alimimina debe ndani ya gunia, akalifunga kwa kamba, akabandika karatasi yenye mhuri juu ya fundo, akasema, "Mali ya Serikali. Nitalichukua Jumamosi kwa lori." Angelichukua siku ileile, lakini lori la Nabintu, mwanamke wa kwao aliyepeleka bidhaa mpakani, liliondoka sokoni Kalerwe Jumamosi jioni tu. Na kule chumbani kwake, sukari isingelala hata siku moja kabla mama mwenye nyumba hajainusa. Hakuna mahali salama pa kuficha mali ya wizi kama kwa mwenyewe, ikiwa na mhuri.

Mama Alanyo alipofika na kusikia, alikaa chini.

"Faruk. Gunia la Anena?"

"Mama, litarudi mawili!"

"Ulishaona wapi kitu kikaingia serikalini kimoja kikatoka viwili? Ng'ombe kwani?" Akalia, tena si kwa siri, alilia kwa sauti huku akimpiga Faruk kwa kanga. Faruk alikubali kupigwa. Lakini kulifungua gunia lile alikataa, mhuri ulikuwa unamtazama.

Ni lazima niuseme huo mhuri. Katikati ulikuwa na ndege, aliyekusudiwa kuwa korongo wa taifa akatoka kuku, na chini yake neno IMEKAGULIWA. Mama Alanyo aliinama akautazama sana. Akaunusa. Wino ulinuka masizi na mafuta ya taa.

Alhamisi asubuhi alikuwa Kalerwe akitafuta viazi, na mbele yake mtu mrefu alikuwa akibishana juu ya bei ya mukene, wale dagaa wa ziwani. Hakuwa na suti wala miwani. Alivaa bukta na kandambili. Mama Alanyo, ambaye ni mjane wa polisi na hutazama watu kuanzia chini, aliona kandambili ya kushoto haina kisigino. Kilikatwa kwa kisu, mraba safi, na mraba wenyewe ulikuwa na upana wa kuku yule.

"Aa-a!" Mama Alanyo alijisemea. "Kumbe Serikali inavaliwa mguuni."

Sasa hapo wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele. Hata yeye alifungua mdomo. Angemwambia Faruk, Faruk angemwambia askari mmoja, na lingekuja gari lenye buti. Sukari ingepotea, na mtu yule angekwenda kujibu swali dogo. Mama Alanyo alikuwa na hasira ya kumtwanga kinuni, lakini kumtia buti hapana. Hata mwizi ana mama yake. Aliufunga mdomo, akanunua viazi.

Kesho yake mkaguzi alikuja kupitisha hadithi ya Jumamosi. Mama Alanyo alimpokea kwa kupiga goti.

"Bwana mkubwa, hadithi yangu safari hii haina mnyama hata mmoja. Sina sukari ya kulipia."

"Haina hata kobe?"

"Hata mjusi. Ina mtu tu."

Zéphyrin alitafuta kwenye viwango vyake. Mtu hakuwemo, hakumfikiria. "Mtu ni bure," alisema, akatoa mhuri kwenye soksi iliyolala mkobani kando ya ndizi, akaupiga bila kuuliza ni mtu gani.

"Na tena, bwana mkubwa, tunakuomba uwe mwitikiaji. Tumezoea kuweka kile kiti watu wadogo wadogo tu."

Hapo ndipo alipoliwa. Tapeli ana ngao ya kila kitu ila sifa. "Mama," Zéphyrin alisema akirekebisha tai, "nitafanya kwa niaba ya ofisi."

Jumamosi saa tisa rafu zilijaa. Zéphyrin alikaa kiti cha mbele, mkoba magotini. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Hadithi moja, gunia, lori, mpaka. Mama Alanyo akakoroga makaa, akaanza.

"Palikuwa na mtu mmoja aliyekuja mjini hana kitu ila mkoba."

"Nilikuwepo, nikaona!" alijibu Zéphyrin kwa sauti nzuri.

"Ndani ya mkoba mlikuwa na ndizi moja na soksi."

Zéphyrin akajikuta ameukumbatia mkoba. "Nilikuwepo," alisema, "nikaona."

"Mtu huyu alitamani kuwa mkubwa, lakini ukubwa unataka mhuri. Akatafuta wa kuununua, hakupata. Akatazama juu, akatazama chini. Chini akaona kandambili yake."

Rafu ya juu mtu mmoja alikohoa. Mama Alanyo alisubiri. Hadithi yote ilikuwa inakufa mbele za watu, na macho mia na hamsini yalikuwa kwenye kiti cha mbele.

"Nilikuwepo," Zéphyrin alisema, na sauti sasa ilikuwa ya mgonjwa. "Nikaona."

Mpango wa Mama Alanyo ulikuwa mdogo. Amvue nguo taratibu mbele ya majirani, aone haya, aliache gunia, aende zake. Lakini mipango ya Kampala miaka ile ilikuwa na mwenyewe. Mlango ulifunguliwa, mwanga ukaingia, na ndani ya mwanga akasimama Meja, mwenye miwani myeusi na fimbo kwapani. Alikuwa amesikia kuna mahali panauzwa maneno kwa sukari.

Faruk alipiga saluti mpaka akaangusha taa. Meja alichukua kiti, akakiweka ubavuni mwa Zéphyrin, magoti yakagusana.

"Endelea," alisema.

Mama Alanyo alikoroga makaa yasiyohitaji kukorogwa. Angeweza kugeuza, kumleta sungura, kumleta malaika. "Afande," alisema, "hadithi hii si nzuri, nitatafuta nyingine."

"Imepitishwa?" aliuliza Meja.

"Imepitishwa, Afande!" Faruk akaropoka kwa fahari. "Na mkaguzi mwenyewe, huyu hapa! Haibadilishwi hata neno!"

Zéphyrin alimtazama Faruk kwa upendo ambao mtu humtazama nao nge.

Basi akaendelea, afanyeje? Mtu alikata kisigino. Nilikuwepo, nikaona. Akachora ndege akatoka kuku. Nilikuwepo, nikaona. Akaenda kwa mtu mzuri mwenye tamaa, akamtoza sukari kwa jina la serikali, akachukua na gunia la harusi ya yatima. Kila jibu lilitoka dogo kuliko la kwanza, na jasho lilikuwa limeshaifika suti. Hakuna aliyecheka. Kucheka nako kulihitaji ruhusa, na watu walikuwa wanautazama uso wa Meja wajue hali ya hewa.

Meja aliinua fimbo. Hadithi ikasimama.

"Wewe," alimwambia Zéphyrin. "Umesema ulikuwepo."

"Ndiyo, Afande. Ni... ni desturi tu ya..."

"Ukaona."

"Ndiyo, Afande."

"Mtu anatumia jina ya Serikali kula sukari. Mtu huyo iko wapi?"

Kwenye rafu zote tatu watu walitazama miguu yao. Faruk peke yake ndiye alikuwa anatazama huku na huku kwa hamu, akitaka kujua mtu mbaya namna hiyo ni nani. Zéphyrin alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukuta kitu ndani. Aliona buti la gari. Akamtazama Mama Alanyo kama mtoto anayezama.

Na yule mama, aliyeibiwa mwaka mzima wa sukari, angeweza kunyoosha kidole kimoja tu.

"Afande," alisema, "hapa kwetu hadithi inafungwa na mwitikiaji. Ndiye atatuambia mtu yule alifanya nini. Mwitikiaji, funga hadithi. Na uifunge vizuri, watu wana harusi kesho."

Zéphyrin akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Mtu yule, Afande... aliona haya. Haya kubwa sana. Akasimama mbele ya watu. Akaenda stoo mwenyewe, akabeba gunia, akamrudishia mama wa watu."

"Kichwani ao mgongoni?" aliuliza Meja.

"Kichwani, Afande."

"Onyesha."

Alikwenda stoo. Alirudi shingo imezama mabegani, gunia kichwani, suti imejaa vumbi, anayumba kama mlevi wa Ijumaa. Alilishusha miguuni pa Mama Alanyo, na kwa mikono yake akaibandua karatasi ya mhuri. Hakuambiwa, lakini alipiga magoti pia.

"Na muhuri?" Meja aliuliza.

"Aliula, Afande."

"Alikula?"

"Aliutafuna akaumeza. Nilikuwepo, nikaona."

Midomo ya Meja ilicheza. Kisha tumbo. Kisha akacheka, alicheka mpaka miwani ikaanguka na watu wakaona ana macho kama yetu. Basi rafu zote tatu zikapasuka. Watu walicheka kicheko cha miaka mitatu, walicheka na machozi, mzee mmoja akaanguka kutoka rafu ya pili akaendelea kucheka chini.

"Mkaguzi," alisema Meja akijifuta, "wewe unajua kuitikia. Kila Jumamosi nataka kukuta wewe kwa hii kiti. Nikikosa kukuta, nitatafuta." Alisema kwa furaha tu, lakini Zéphyrin aliisikia ile "nitatafuta" mpaka kwenye mifupa. Lori la Nabintu liliondoka Kalerwe bila yeye.

Meja alipokwenda, Faruk alisogea. "Mama, sasa hii gunia ya Serikali..."

"Ni hadithi tu, mwanangu. Nyamaza." Kisha Mama Alanyo akamgeukia Zéphyrin, akanyoosha kiganja. "Kile ulichokula, kitapike."

Alikitoa kile kisigino ndani ya soksi. Mama Alanyo akakitia kifuani. "Kesho njoo harusini," alisema, "utatia watu sukari. Vijiko viwili viwili. Nitakuwa nimesimama nyuma yako." Zéphyrin akataka kusema asante, akaanza kulia badala yake. Mama Alanyo akamwambia asilie juu ya gunia, sukari itashikana.

Chai ya Anena ilikuwa tamu mpaka wazee waliuliza kama kuna mtu anajulikana ikulu.

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi kweli, kutoka ofisi ya kweli, na mkoba wenye karatasi. Akadai kuona kibali cha jumba. Mama Alanyo akamletea karatasi yenye kuku, ile iliyobanduliwa kwenye gunia. Yule bwana aliusoma mhuri, akauinua kwenye mwanga, akausoma tena. Hakuijua ofisi yenye mhuri ule. Ofisi ambayo yeye haijui lazima iwe kubwa kuliko yake. Akauliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi ya kukaa.

"Kiingilio kikombe cha sukari," Mama Alanyo alimwambia.

Akatoa vikombe viwili, akapandishwa rafu ya juu. Chini, kwenye kiti cha mbele, alikaa mwitikiaji wa jumba, mrefu, mwembamba, amevaa kandambili, ile ya kushoto ikiingiza changarawe. Mama Alanyo akakoroga makaa.

"Palikuwa na fisi mmoja," alianza, "mwenye tumbo kubwa."

Zéphyrin akatazama juu kwenye rafu, akatazama mlango. "Nilikuwepo," alisema, "nikaona."